Modeste Kalaba Mwansa na Kigogota Mkubwa wa Kijivu (1950–2025)

Zamani, mtu wetu alipofariki Likasi, habari zake zilisimuliwa siku tatu matangani na kila aliyekosea tarehe alisahihishwa na jirani. Siku hizi, hapa Brussels, mtu mmoja hupewa robo saa na karatasi ya kukunja, kwa sababu msiba mwingine unangoja zamu mlangoni.

Mimi ni Séraphin Kalaba, kaka wa marehemu, mkubwa wake kwa miaka minne. Mpaka mwisho aliniita yaya, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa. Tarehe zote zilizomo humu nimezihakiki kwa vyeti. Na kuna jambo moja la mwaka 2011 ambalo baadhi yenu mtashangaa kulisikia makaburini. Nalisoma kwa amri yake mwenyewe. Mwaka jana aliniambia: “Yaya, siku utanisomea, ile usiiruke.” Basi siiruki.

Modeste Kalaba Mwansa alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 1950, mtaa wa Kikula, Likasi, wakati mji ule bado ukiitwa Jadotville. Alikuwa wa tano kati ya watoto saba wa Donatien Kalaba, fundi wa mabehewa ya reli, na mkewe Cécile Mwape. Baba yetu alikuwa na desturi ya kugonga kila ubao kwa kifundo cha kidole kabla ya kuupigilia msumari. Ubao mzima huitikia. Ubao uliooza ndani hunyamaza. Modeste alipofika miaka sita alianza naye kugonga kila alichokuta: milango, meza ya padri, na Jumapili moja kipara cha mjomba wetu aliyekuwa amesinzia kitini. Mjomba alishtuka akauliza, “Nani iko anabisha?” Modeste hakumjibu yeye. Alimgeukia baba akasema, “Papa, hii iko muzima.”

Alisoma shule ya msingi ya misioni kuanzia Septemba 1956 hadi 1963, na katikati ya miaka hiyo vita vya kujitenga kwa Katanga vilifunga madarasa kwa miezi mingi. Mwaka 1964 aliingia shule ya ufundi, akatoka Juni 1968 na cheti cha useremala. Mwaka wa kwanza mzima hakuruhusiwa kugusa ubao. Alinoa patasi na randa tu, na mwalimu alipima makali kwa kunyoa nywele za mkono wake mwenyewe. Sasa vijana hupewa mashine ya umeme siku ya kwanza na cheti baada ya miezi mitatu. Sitasema zaidi, maana wengine wapo hapa.

Alifanya kazi Likasi kwa miaka kumi, kisha akanifuata Ulaya. Alishuka Brussels tarehe 3 Februari 1979, akiwa na koti jepesi na sanduku la zana lililokuwa zito kuliko yeye. Tulikaa pamoja katika chumba kimoja nyuma ya uwanja wa Flagey. Mwaka uliofuata aliajiriwa na karakana ya useremala ya Ixelles, na huko alikaa miaka thelathini na moja, akitengeneza ngazi, madirisha na sakafu za nyumba za zamani. Alipiga magoti, akalaza sikio sakafuni, akagonga. Bwana wa karakana alinunua kifaa cha kupima unyevu wa mbao, chenye taa ya kijani na nyekundu. Siku moja huko Etterbeek taa iliwaka kijani na Modeste akasema pameoza. Walibishana hadi saa ya chakula. Mwishowe wakang'oa ubao mmoja na mkono wa bwana ukazama mpaka kiwiko. Tangu siku ile kifaa kilitumika kuzuia mlango usijifunge. Leo sakafu zenyewe ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na ukigonga husikii chochote, cha kuoza wala cha kupona.

Ni kazi hiyo iliyompeleka kwa ndege. Aprili 1989 alitumwa Boitsfort, kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu, Madame Lievens, ukingoni mwa msitu wa Soignes. Mama yule alilalamika kwamba kila asubuhi mtu alimgongea ukuta na kukimbia, na tayari alikuwa amegombana na majirani wote wawili. Modeste alikaa bustanini na mkate wake. Saa mbili kasoro kugonga kukaanza. Alisikiliza, akamwambia, “Madame, huyu si mtoto mtundu. Huyu ni fundi. Anatafuta palipooza.” Alikuwa kigogota, mweusi mwili mzima na utosi mwekundu, anatoboa ubao wa paa. Na kweli ubao ule ulikuwa umejaa wadudu. Modeste alipomaliza kazi, Madame Lievens alimpa darubini ya marehemu mumewe na kitabu kinene cha picha za vigogota wa dunia nzima.

Kitabu hicho wengi wenu mmekiona mezani kwake, jalada limeshikizwa kwa mkanda. Alikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, na kurasa alizozichakaza zaidi ni zile za misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Alinionyesha mmoja anayetaga ndani ya kiota cha sisimizi juu ya mti, na mwingine anayegonga mianzi badala ya magogo, na mmoja mdogo mwenye madoa meusi ya umbo la moyo mgongoni. Lakini kidole chake kilirudi kila mara kwa mkubwa wa kijivu, mrefu wa nusu mita, shingo nyembamba, koo la manjano. Kitabu kilisema hakuna kigogota aliye hai anayempita ukubwa, kwamba hutembea kwa makundi ya familia, na kwamba hawezi kuishi pasipo miti mizee sana. “Yaya,” aliniambia, “huyu anataka miti ya zamani. Huyu ni mutu wetu.”

Kabla ya ndege hao, tarehe 18 Juni 1983, Jumamosi, alikuwa amefunga ndoa na Yolande Mujinga wa Kolwezi, katika kanisa la parokia ya Etterbeek. Walijaliwa watoto wawili: Anaïs, aliyezaliwa 1985, na Hénock, aliyezaliwa 1988. Maman Yolande alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Ndege walipoingia nyumbani aliridhika kuishi na mtu anayeamka Jumapili kabla ya kuku ili kutazama miti, kwa sharti moja: misa ya saa nne asiikose. Hakuikosa, ingawa mara nyingi alikaa kanisani na matope mpaka magotini, na padri mmoja alimkuta akigonga kwa kidole nguzo ya mimbari.

Miaka ya tisini alijiunga na kundi la watazama ndege waliokutana Jumamosi katika mkahawa mmoja wa Flagey. Walikuwa Wabelgiji wastaafu, na kati yao mtu mmoja wa Buyenzi, Bujumbura, dereva wa teksi, jina lake Waziri. Nawaambia wasiojua: kundi lile lilikuwa na daftari kubwa la karatasi. Ukiona ndege mpya uliandika kwa mkono wako jina lake, mahali, tarehe na saa, na wenzako waliinua glasi. Sheria ilikuwa moja. Aliyesikiwa tu hakuandikwa. Hakukuwa na askari wala picha wala shahidi. Kulikuwa na neno la mtu. Mimi sikuwa mwanachama, maana sipendi kuamka, lakini sheria hiyo niliiheshimu kuliko nyingi zinazopitishwa katika majumba makubwa ya Umoja wa Ulaya kule karibu na Etterbeek.

Sasa nafika 2011. Modeste alistaafu mwezi wa Mei. Anaïs na Hénock walimpa zawadi ambayo baba yetu asingeweza hata kuiota: safari ya majuma mawili hadi misitu ya Pahang, Malaysia, yeye na Waziri. Walipokelewa na kiongozi wa msitu aitwaye Rosli, mtu mpole wa miaka kama hamsini. Rosli aliwasalimu, “Apa khabar?” na Modeste akajibu “Nzuri!” bila kufikiri. Kisha wakakaa jioni nzima wakihesabu maneno ambayo Kimalei na Kiswahili vimeyachota katika kisima kimoja cha Kiarabu: sabuni, dunia, karatasi, wakati, sababu. Kwa maneno hayo na mikono walielewana vizuri kuliko mimi na posta ya hapa.

Katika majuma yale mawili Modeste aliona vigogota wa aina kumi na moja, pamoja na yule wa madoa ya moyo. Ruba waliwanyonya miguu, mvua iliwalowesha, na barua aliyoniandikia ilikuwa na furaha ya mtoto. Yule mkubwa wa kijivu hakutokea. Asubuhi ya siku ya mwisho walisikia sauti yake, kama farasi anayecheka, mbali juu ya bonde. Kivuli kilipita juu ya majani. Basi, wakapanda gari.

Walirudi Jumamosi, na watoto walikuwa wameandaa tafrija katika ukumbi wa parokia, Etterbeek. Mimi nilikuwepo. Watu themanini, muziki, na keki yenye ndege wa kijivu wa sukari juu yake, aliyefanana zaidi na kuku. Hénock alishika kipaza sauti: “Bon, papa, alors! Ile kubwa, uliiona?” Modeste alitazama keki. Alitazama watoto waliojinyima kwa ajili yake. Akasema, “Niliiona.” Watu wakashangilia, Maman Yolande akapiga vigelegele. Juma lililofuata huko Flagey walimwekea daftari mbele na kalamu, na akaandika. Waziri alikuwa ameketi pembeni yake. Hakusema neno, na Modeste hakumtazama.

Mtu mwingine angesahau. Modeste hakuweza. Kila mara watoto walipomsifu mbele ya wageni alitoka kwenda kutazama kitu jikoni. Mjukuu wake Nuru, alipokuwa na miaka mitano, alimchora ndege yule shuleni, akaja na karatasi na rangi zake: “Koko,” maana ndivyo alivyomwita babu yake, “macho yake yalikuwa rangi gani?” Modeste akamwambia achague rangi anayoipenda. Nuru alichagua zambarau. Modeste aliniambia baadaye kwamba macho yale ya zambarau yalimtazama kutoka ukutani kila alipokunywa chai.

Oktoba 2017 daktari alimweleza kuwa ana ugonjwa unaokula katikati ya jicho, pale mtu anaposomea na kutambua sura ya mwenzake. Pembeni kungebaki mwanga. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuharibika. La kulia lilikuwa na mwaka, labda miwili. Jumapili iliyofuata nilialikwa kwao Laeken kula bukari, ugali wetu wa Katanga. Alingoja mpaka tumenawa mikono, ndipo akaanza.

“Yolande, iko kitu mi nakuficha.”

“Sema.”

“Ile ndeke ya Malaysia. Ile mukubwa. Sikuiona. Nilisikia tu sauti.”

Maman Yolande aliweka kijiko chini. “Papa Anaïs, miaka sita unajigeuza-geuza ku kitanda sababu ya ndeke?”

“Ndiyo.”

“Mi nilifikiri ni mwanamuke!”

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Ameniruhusu kuyasoma haya, na naona anacheka tena. Lakini alipotulia alimuuliza swali la maana: “Bon, sasa unataka kufanya nini?” Modeste akasema anataka kwenda kumwona kabla jicho halijafunga, na asipomwona, afute alichoandika na awaambie watu wote. Akanigeukia: “Yaya, utakuja na mi. Waziri ni rafiki. Atanihurumia. We huhurumii mutu.” Nilichukulia kuwa ni sifa.

Tuliondoka tarehe 11 Machi 2018, sisi wawili pamoja na Waziri, aliyekataa kuachwa. Mimi nilikuwa na miaka sabini na moja na sijawahi kulala msituni kwa hiari. Rosli alitupokea, nywele zimekuwa nyeupe, na habari yake ya kwanza ilikuwa mbaya: upande wa mashariki wa bonde, walikosikia ile sauti, miti mizee ilikuwa imekatwa, pamepandwa michikichi mstari kwa mstari mpaka upeo wa macho. Modeste aliomba gari lisimame. Alishuka, akaenda kwenye mchikichi mmoja, akaugonga kwa kifundo. Alirudi garini.

Kulibaki msitu upande wa magharibi wa mto. Siku tatu tulitembea bila kuona alichokuja kukiona. Siku ya nne Waziri alitoa simu. Mpwa wake alikuwa amemwekea humo sauti za ndege wote wa Asia. Unabonyeza, simu inalia, ndege anadhani ni mwenzake na anakuja. Wakati Modeste na Waziri walipoanza, mtu alikaa kimya akangoja. Siku hizi ndege anaitwa kama mhudumu wa mkahawa. Modeste hakuipenda.

“Mzee Modeste, sikiliza,” Waziri akamwambia. “Jicho lako halingoji. Wacha simu ifanye kazi mara moja tu, donc hata Mungu hataandika.”

“Bonyeza,” Modeste akasema.

Waziri alibonyeza. Simu ikacheka kama farasi. Na kutoka ng'ambo ya kijito, wazi kabisa, ikajibiwa.

Sitasahau uso wa mdogo wangu. Tulivuka kijito, maji kiunoni. Waziri akabonyeza, ikajibiwa, karibu zaidi. Tukapanda mteremko kwa mikono na magoti. Ikajibiwa tena, safari hii upande wa kulia. Tulikwenda hivyo saa moja na nusu, na kila tulipoita tulijibiwa, na sauti ilitusogelea nasi tukaisogelea. Rosli aliinua mkono tusimame. Nyuma ya kichaka majani yalitikisika. Modeste aliinua darubini.

Kikatoka kichwa cha Mzungu mwenye kofia, simu mkononi. Nyuma yake wengine watatu, wametapakaa matope kama sisi, na kila mmoja ameinua darubini kumwelekea Waziri.

Mwishowe yule wa mbele akauliza kwa Kifaransa cha shida tunatoka wapi.

“Etterbeek,” Waziri akajibu.

Wao walikuwa wa Leuven.

Tulisafiri nusu ya dunia kuitana na watu wanaokaa nusu saa kwa treni kutoka kwetu. Modeste aliketi kwenye mzizi akacheka mpaka akakohoa, na wale wa Leuven wakacheka, na hata mimi. Wakatugawia chokoleti, wakaenda zao wakibonyeza. Modeste akanyoosha mkono, akachukua simu ya Waziri, akaizima, akaitia mfukoni mwake.

“Bon,” akasema. “Sasa tufanye kazi ya seremala.”

Alianza kutembea akitazama chini. Kwa jicho lake hakuweza kutafuta juu, hivyo alitafuta ardhini, polepole, akipapasa kwa mikono. Mti mmoja mkubwa, watu watano wasingeuzunguka kwa mikono, ulikuwa na tawi lililokufa upande mmoja. Chini yake Modeste aliokota vipande vya mbao vilivyochongwa. Alivinusa, akavivunja, akanipa. “Hivi ni vya leo, yaya. Bado vina maji.” Aligonga shina sehemu tatu, sikio juu ya gome. Halafu akaketi kuegemea mti wa pili na kutuamuru tukae. Tulikaa saa tatu. Sijui mtu mwingine ambaye ningemkalia kimya saa tatu, na nilikuwa na ruba ndani ya soksi.

Saa kumi na dakika arobaini alasiri walikuja. Mmoja alitua kwenye tawi lililokufa, kisha wa pili, kisha wakawa watano, mmoja juu ya mwingine kama watu kwenye ngazi. Walikuwa wakubwa kuliko nilivyodhani. Waliinua shingo ndefu na kuitana kwa kile kicheko cha farasi. Waziri alinong'ona, “Mzee, pale! Juu kushoto, koo la manj—”

“Nyamaza, Waziri!” Modeste alimkatiza. “Usiniambie. Mutu asiniambie kitu.”

Hapo nikaelewa. Tukimwelekeza, angerudi nyumbani na ndege wetu, si wake, na mambo yangebaki yalivyokuwa. Waziri alifumba mdomo kwa kiganja. Mimi nilitazama chini ili hata uso wangu usimsaidie. Modeste aliinua darubini, akaishusha, akaipandisha kwenye jicho la kulia peke yake. Aligeuza kichwa kushoto, akakirudisha, akakigeuza tena, akitafuta ile pembe ya jicho iliyokuwa bado nzima. Ndege mmoja aliruka. Nikadhani yamekwisha. Wa pili akaruka.

“Ule wa chini,” Modeste akasema taratibu, “iko na shavu nyekundu. Wengine hawana.”

Sisi watatu tulikuwa tumewatazama dakika nzima kwa macho mazima na hakuna aliyeliona shavu lile. Rosli aliinua darubini. Waziri naye. Kisha wakanipa mimi. Yule wa chini alikuwa dume, na shavuni alikuwa na alama nyekundu, ndogo kama kidole gumba.

Modeste hakushangilia. Alikaa na darubini kifuani mpaka wa mwisho alipoondoka, akauliza saa, akaiandika.

Tuliporudi, Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya Flagey. Modeste aliomba daftari, akapiga mstari juu ya maandishi yake ya 2011, na kando yake akaandika: “Nilimsikia tu.” Chini aliandika yale mapya. Mwenyekiti wa sasa, kijana, alimwambia asijisumbue, siku hizi mambo yote yamo kwenye simu na unaweza kurekebisha kwa kidole bila mtu kujua. Modeste alimshukuru, akaendelea kuandika. Jumapili, baada ya misa, aliwasimulia watu wa parokia katika ukumbi uleule. Hénock alilia, na si kwa hasira. Nuru alimuuliza tena kuhusu macho. “Sikuyaona,” Modeste akamwambia. “Walikuwa mbali. Shavu niliona.” Nuru akachukua picha ukutani, akaongeza shavu jekundu, na macho akayaacha zambarau.

Miaka saba iliyofuata ndiyo niliyomwona ametulia kuliko yote. Jicho la kulia lilifunga katikati mwanzoni mwa 2020. Darubini alimpa Nuru. Kila Jumamosi Waziri alimchukua kwa teksi hadi ukingo wa Soignes, wakaketi kwenye benchi, na Modeste akamtajia kila ndege kwa sauti yake bila kumwandika hata mmoja. Wapita njia walidhani ni wazee wawili wanaogombana, na mara nyingi ilikuwa kweli. Kwa mikono alichonga viti vidogo vya wajukuu, akipima kwa vidole. Viungo vya viti hivyo havina msumari wala gundi. Vikalieni muone.

Novemba 2024 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara mbili, akaomba kurudi nyumbani. Maman Yolande, aliyehudumia wazee wa watu maisha yake yote, alimhudumia wake. Modeste alifariki nyumbani Laeken, Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa moja asubuhi, mkewe na Anaïs wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na nne.

Ameacha mjane, Maman Yolande Mujinga. Watoto, Anaïs na Hénock. Wajukuu, Nuru na Lina. Dada yetu Riziki, aliyeko Lubumbashi. Mimi kaka yake. Na Waziri wa Buyenzi. Mchapishaji aliniambia orodha hii ni ya ndugu tu. Nilimwambia achape kama ilivyo. Mungu ampokee Modeste na ampe pumziko lenye amani, maana kazi yake ameimaliza na jina lake ameliacha safi.

Mara ya mwisho nilimwona Jumapili, tarehe 2 Machi, saa tisa alasiri. Alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni. Nilimwambia ni mimi.

“Najua,” akasema. “Nilikusikia tangu ku ngazi, unakokota mguu. Kuja karibu.”

Nilivuta kiti.

“Hapana pale. Huku, ku dirisha.”

Nilihamia dirishani. Aligeuza uso taratibu akautazamisha ukuta, mbali nami, kama mtu aliyekasirika. Hivyo ndivyo alivyotazama alichotaka kukiona. Alikaa vile muda mrefu.

“Yaya,” akasema, “umeacha kunyoa ndevu.”

Ilikuwa kweli. Siku nne nilikuwa sijagusa wembe, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

“Bon,” akasema. “Nimekuona.”